Kutoka Habari hadi Ushahidi: Aravind Adiga na Riwaya ya Mwandishi wa Habari

1.0 Utangulizi

Uhusiano baina ya uandishi wa habari na utunzi wa riwaya ni suala ambalo hutajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Husemwa kwamba mwandishi wa habari anapogeukia riwaya huja na jicho kali na lugha nyepesi, lakini hukosa subira ya kuingia katika nafsi ya mhusika. Makala haya yanakusudia kuyapima maoni hayo kwa kuangalia maisha na kazi za Aravind Adiga wa India. Hoja yetu ni kwamba Adiga hakuiacha taaluma ya habari alipoanza kutunga. Alichofanya ni kulihamishia katika riwaya swali ambalo gazeti lilishindwa kulibeba: nani ana haki ya kutoa ushahidi, na nani huandikiwa ushahidi na wengine?

2.0 Maisha na Taaluma

Adiga alizaliwa mwaka 1974 katika mji wa Madras, ambao sasa huitwa Chennai, akakulia Mangalore, pwani ya kusini-magharibi ya India. Baba yake alikuwa daktari. Akiwa kijana alihamia Sydney, Australia, pamoja na familia yake. Baadaye alisomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikohitimu mwaka 1997, kisha akaendelea na masomo Oxford. Mambo haya hatuyataji kwa ajili ya kupamba wasifu. Tutaona kwamba ndiyo yaliyogeuzwa mashtaka dhidi yake.

Alianza uandishi wa habari akishughulikia masuala ya fedha na uchumi, likiwemo gazeti la Financial Times. Kisha, kwa muda wa miaka mitatu hivi, alikuwa mwandishi wa jarida la Time katika eneo la Asia ya Kusini. Hicho kilikuwa kipindi ambacho India ilisifiwa kote duniani kwa ukuaji wa uchumi wake, uliolegezewa masharti tangu mwaka 1991. Bangalore na kampuni zake za teknolojia zilikuwa ndiyo habari. Hata hivyo, safari za kikazi zilimkutanisha pia na wavuta riksho, vibarua na watumishi wa majumbani, watu ambao katika habari za uchumi hawakuwa na nafasi ila kama takwimu. Adiga mwenyewe ameeleza kwamba sauti za watu hao ndizo zilizozaa riwaya yake ya kwanza. Rasimu aliiandika mwaka 2005 akaiweka kando; Desemba 2006, aliporejea India, aliifungua tena na kuiandika upya.

3.0 Ungamo la Uongo

Riwaya hiyo, The White Tiger, ilitoka mwaka 2008 na kumpatia Tuzo ya Booker akiwa na umri wa miaka 33. Msimulizi ni Balram Halwai, mtoto wa mvuta riksho kutoka kijiji cha Bihar, ambaye anakuwa dereva wa tajiri mmoja Delhi, anamuua mwajiri wake, anaiba fedha zake na kufungua biashara ya teksi Bangalore. Yote haya anayasimulia katika barua kwa Waziri Mkuu wa China.

Wahakiki wengi wameikazia macho sitiari ya tundu la kuku, yaani maskini wanaoona wenzao wakichinjwa na bado hawaasi. Sisi tunaona kiini cha riwaya ni tukio jingine. Mke wa mwajiri anamgonga mtoto kwa gari usiku, akiwa amelewa. Kesho yake Balram anawekewa karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, naye anatia sahihi. Hapa mtumishi anapokonywa hata kosa lake na kutokosa kwake. Kwa hiyo barua ndefu anayoiandika baadaye ni jibu kwa karatasi ile: ungamo la kweli dhidi ya ungamo la uongo.

Ushahidi kwamba jambo hili lina mizizi katika taaluma ya habari tunaupata katika Between the Assassinations, mkusanyiko wa hadithi unaouchora mji wa kubuni wa Kittur kati ya kuuawa kwa Indira Gandhi mwaka 1984 na kwa Rajiv Gandhi mwaka 1991. Katika hadithi mojawapo, mhariri wa gazeti aitwaye Gururaj Kamath anaambiwa na mlinzi wa usiku ukweli wa ajali ambayo tajiri aliisababisha na mfanyakazi wake akabebeshwa lawama. Mhariri anatambua kwamba gazeti lake limechapisha uongo, na hatimaye akili yake inamtoka. Kisa ni kilekile, ila safari hii kinaonwa kutoka upande wa chumba cha habari. Kamath anaujua ukweli na hana pa kuuchapisha. Balram hana gazeti, lakini ana riwaya.

4.0 Sauti ya Nani?

Shutuma kubwa dhidi ya Adiga inahusu uhalisi wa sauti. Mwanahistoria Sanjay Subrahmanyam, akiandika katika London Review of Books mwaka 2008, alihoji iwapo mtu wa hali ya Balram angeweza kusema kwa namna hiyo, na Amitava Kumar naye alionyesha shaka kuhusu picha ya Bihar iliyomo. Je, mtoto wa daktari aliyesoma Oxford anaweza kumsemea mtumishi kwa Kiingereza?

Shutuma hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Iko misemo ya Balram ambayo harufu yake ni ya makala ya jarida: mifupi, mikali, iliyotengenezwa ili inukuliwe. Pia kijiji chake kimechorwa kwa haraka ya mpita njia. Hapo maoni tuliyoanza nayo yana ukweli. Lakini tukumbuke kwamba mwanzoni kabisa msimulizi anakiri kuwa yeye hajui Kiingereza. Mwandishi ameliweka tatizo mlangoni, mahali ambapo msomaji hawezi kuingia bila kuliruka. Huo ni ukiri kwamba sauti hii ni ya kuazimwa.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi. Kijakazi anasimuliwa na msimulizi wa nafsi ya tatu, naye analindwa na umbali huo. Mwandishi hadai kuwa yeye. Adiga alichagua njia ya hatari zaidi, na gharama yake ni shaka isiyokwisha.

5.0 Hitimisho

Riwaya zilizofuata zinathibitisha kwamba suala la ushahidi halikuwa la kupita. Katika Last Man in Tower (2011), mwalimu mstaafu anakataa kuuza nyumba yake Mumbai, na majirani waliomheshimu wanashirikiana kumuua na kuficha ukweli. Katika Amnesty (2020), Mtamili wa Sri Lanka anayefanya usafi majumbani Sydney bila kibali anajua habari za mauaji. Akisema, atafukuzwa nchini. Akinyamaza, muuaji atapona. Tunaona kwamba Danny ni Balram aliyegeuzwa: mmoja alilazimishwa kukiri asilolitenda, mwingine anazuiwa kusema alijualo.

Kwa hiyo, maoni kwamba mwandishi wa habari hukosa subira ya riwaya ni nusu ya ukweli. Kwa Adiga, haraka ya gazeti ilibaki katika mtindo, na wahakiki wake hawakukosea kuiona. Lakini kutoka katika taaluma hiyohiyo alipata jambo ambalo mtunzi asiyewahi kuhariri taarifa huenda asingelitambua, yaani kwamba dhuluma kwa mnyonge huanza pale jina lake linapoandikwa chini ya maneno yasiyo yake. Swali linalobaki kwa wanafunzi wetu wa riwaya ni iwapo mtunzi anayemwandikia mnyonge maneno mazuri zaidi ameiondoa dhuluma hiyo, au ameibadilisha sura tu.