Chuo Kilichoacha Futiboli

Nilikuwa katikati ya Second Wind, kumbukumbu za Bill Russell alizoandika na Taylor Branch mwaka 1979, nilipoanza kuhesabu miaka kwa vidole. Russell aliingia Chuo Kikuu cha San Francisco mwaka wa masomo ulioanza 1952. Chuo hichohicho kilikuwa kimetoka kufuta timu yake ya futiboli baada ya msimu wa 1951, na timu iliyofutwa haikuwa imepoteza hata mechi moja. Mechi tisa, ushindi tisa. Nikaweka kitabu pembeni. Kwani chuo gani cha Marekani kinavunja timu ya namna hiyo?

Tuelewane maneno kwanza. Futiboli ninayoisema ni ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Ya kwetu nitaiita kandanda. Nalisema mapema kwa sababu kandanda nayo itaingia katika habari hii, kwa mlango wa nyuma.

Sisi tunaotazama kutoka mbali tumezoea picha moja: chuo kikuu cha Marekani ni uwanja wa watu elfu themanini, tarumbeta, na Jumamosi nzima kupotea. Lakini Daraja la Kwanza la michezo ya vyuo, linalosimamiwa na NCAA, lina vyuo zaidi ya 350, na karibu 100 kati yao havina timu ya futiboli kabisa. Vingine havikuwahi kuwa nayo. Vingine vilikuwa nayo vikaiacha: Gonzaga kule Spokane ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1941, Marquette ya Milwaukee ikaiaga Desemba 1960, Chuo Kikuu cha Denver kikafuata mwezi uliofuata. Vyote hivyo vimeendelea kuwa majina makubwa. Marquette ilitwaa ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 1977, Gonzaga imefika fainali mara mbili, 2017 na 2021, na kufikia 2024 Denver ilikuwa na mataji kumi ya hoki ya barafuni. Kila kimoja kina kisa chake. Mimi nitabaki San Francisco, maana hapo ndipo kisa kilipogeuka kuwa hekaya, na hekaya ikaficha mambo.

Hekaya yenyewe inakwenda hivi. Timu ya 1951, chini ya kocha Joe Kuharich, ilikuwa na wachezaji wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Matson alikuwa mkimbiaji wa kutisha. Mwaka ule alikimbia na mpira yadi 1,566, na hakuna mchezaji wa vyuo aliyemfikia nchi nzima. Walipokwenda New York kucheza na Fordham walishinda 32 kwa 26. Msimu ulipokwisha walistahili mwaliko kwenye moja ya zile mechi kubwa za mwaka mpya, ambazo nyingi zilichezwa majimbo ya kusini. Mwaliko wa bila masharti haukuja. Kilichokuja ni neno kwamba wangekaribishwa ikiwa Matson na Toler watabaki nyumbani. Wenzao wakakataa. Hakuna aliyesafiri. Hadharani ilisemwa kwamba ratiba yao ilikuwa nyepesi. Muda si mrefu chuo kikafuta futiboli, na wachezaji wakatawanyika.

Ni kisa kizuri, na nadhani ni cha kweli katika sehemu yake iliyo muhimu zaidi: vijana wa miaka ishirini na kitu waliambiwa wachague, wakachagua. Tukumbuke ni 1951. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa bado haijatoa ile hukumu ya 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni. Gino Marchetti, mmoja wao, alikuwa amepigana Ulaya katika vita vya pili, na sasa alikuwa anaambiwa mwenzake hafai kupanda gari moshi moja naye. Kristine Setting Clark aliandika kitabu juu yao, Undefeated, Untied, and Uninvited, na jina hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi kisa kilivyotulia vinywani mwa watu: hawakushindwa, hawakutoka sare, hawakualikwa.

Ila sehemu ya pili ya hekaya ndiyo inayonikwama kooni. Tunaambiwa, au tunaachwa tuhisi, kwamba timu ilikufa kwa sababu ya kukataa. Kwamba fedha za mechi ile moja zingeiokoa, na kwa hiyo msimamo uliuawa na umaskini. Ukisikia hivyo machozi yanakulenga. Lakini hebu tazama majirani. Eneo lile la ghuba lilikuwa na vyuo vitatu vya Kikatoliki vilivyogombea mashabiki walewale: San Francisco, Saint Mary's na Santa Clara. Saint Mary's iliacha futiboli baada ya msimu wa 1950. Santa Clara iliacha baada ya 1952. Na Santa Clara ilikuwa imealikwa kusini, ikaenda Miami Januari 1950, ikawafunga Kentucky 21 kwa 13 kwenye Orange Bowl. Hundi waliipata, kombe walilipata, na miaka mitatu baadaye timu haikuwepo.

Kilichowaua ni hesabu. Futiboli ya baada ya vita iliruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, kwa hiyo kila chuo kilihitaji kikosi kimoja cha kushambulia na kingine cha kulinda. Yaani watu maradufu, ufadhili wa masomo maradufu, vifaa maradufu, nauli maradufu. Wakati huohuo timu ya kulipwa ya 49ers ilianza kucheza San Francisco mwaka 1946, na uwanja wake wa nyumbani, Kezar, ulikuwa uleule ambao chuo kilikuwa kinautumia. Mtu mwenye nauli ya mechi moja tu kwa wiki alikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Mapadri Wajesuiti waliokiendesha chuo hawakuwa wabaya wala mashujaa katika hili. Walikuwa watu wenye daftari la madeni.

Nalisisitiza hili kwa sababu hekaya, bila kukusudia, inawapunguzia wale vijana sifa. Ikiwa kukataa kwao kuliua timu, basi tunawapima kwa walichopoteza. Lakini timu ingekufa vyovyote. Walikataa bila kuokoa kitu na bila kuua kitu. Walikataa tu, kwa kuwa Matson na Toler walikuwa wenzao.

Waliotawanyika hawakupotea. Tisa waliingia ligi ya kulipwa ya NFL; watatu, Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wamo katika nyumba ya heshima ya mchezo huo. St. Clair alikuwa amebakiza mwaka mmoja, ikabidi ahamie Tulsa akaumalizie huko. Matson alikwenda Helsinki mwaka 1952, akarudi na medali ya shaba ya mita 400 na ya fedha ya kupokezana vijiti. Kijana aliyeshughulikia habari za timu, Pete Rozelle, baadaye akawa kamishna wa NFL nzima. Toler aliumia goti vibaya kabla hata hajaanza kulipwa. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule San Francisco, na mwaka 1965 akaingia NFL kama mwamuzi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo. Yule aliyezuiwa kucheza kusini alikuja kusimama katikati ya uwanja, na wachezaji wakamtii.

Sasa turudi kwa Russell. Mzaliwa wa Louisiana, amekulia Oakland ng'ambo ya ghuba, mrefu, mwembamba, na hakuna aliyemtaka. Chuo kimoja tu kilimpa ufadhili, na ndicho hiki kilichokuwa kimetoka kuzika futiboli. Sidai kwamba pesa za futiboli ndizo zilizomlipia Russell karo; sina daftari lile mkononi. Ninachosema ni kwamba mpira wa kikapu ni mchezo wa maskini wenye akili. Uwanjani ni watu watano. Ukipata wawili wasio wa kawaida, umeshatengeneza timu, na San Francisco ilipata Russell na K.C. Jones, ikawaweka chumba kimoja bwenini. Chuo hakikuwa hata na ukumbi wake wa kuchezea. Walifanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule ya sekondari ya jirani.

Kocha Phil Woolpert alianza mechi na wachezaji weusi watatu, Russell, Jones na Hal Perry, wakati ambapo vyuo vikubwa vingi havikuthubutu hivyo. Desemba 1954 walikwenda Oklahoma City kwenye mashindano, hoteli zikawakataa weusi. Timu nzima ikahamia kwenye bweni la chuo lililokuwa tupu kwa likizo, weupe na weusi pamoja. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita. Swali lilikuwa lilelile, na jibu likawa lilelile.

Machi 1955 wakacheza fainali na La Salle ya Philadelphia, mabingwa watetezi. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku: La Salle nayo ilikuwa imeacha futiboli tangu wakati wa vita. Taji kubwa la mpira wa kikapu la vyuo lilikuwa linagombewa na shule mbili za Kikatoliki zisizo na futiboli. San Francisco ikashinda 77 kwa 63. Mwaka uliofuata ikashinda tena, mechi 29 bila kupoteza, na mfululizo wake wa ushindi ukafika mechi 60 kabla ya kukatwa. Russell na Jones wakaenda Melbourne wakachukua dhahabu ya Olimpiki. Ukumbi wa chuo ulifunguliwa mwaka 1958, wao wakiwa wameshaondoka.

Na kandanda? Kocha aliitwa Steve Negoesco, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Romania, naye aliifundisha timu kuanzia 1962 mpaka 2000. Alikusanya vijana kutoka kila upande wa dunia, na kikosi chake cha miaka ya sabini kilikuwa na Wanaijeria, mmoja wao Andy Atuegbu. Wakatwaa ubingwa wa taifa 1966, 1975, 1976 na 1980. Chuo kisicho na futiboli kikawa mfalme wa futiboli ya dunia nzima! Wamarekani wengi hawakuona, maana hawakuwa wakitazama.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo: futiboli ndiyo uchafu, ukiiondoa unabaki na michezo safi. Nilitaka sana iwe hivyo. Lakini katika ile orodha ya mataji ya kandanda nimeruka mwaka mmoja, 1978. Walishinda, kisha taji likafutwa kwa sababu ya mchezaji asiyestahili kucheza. Na upande wa kikapu mambo yalikuwa yameoza zaidi. NCAA iliwaadhibu mara mbili. Kisha mwaka 1982 mchezaji wao nyota, katika kesi ya kumshambulia mwanafunzi wa kike, alikiri pia kwamba analipwa dola 1,000 kila mwezi kwa kazi asiyoifanya, fedha za mfadhili wa timu. Ugonjwa ulikuwa umehamia chumba cha pili.

Rais wa chuo, Padri John Lo Schiavo, hakungoja adhabu ya tatu. Julai 1982 aliufuta mpira wa kikapu wa wanaume. Chuo cha Bill Russell! Mwaka 1951 walifuta mchezo kwa sababu ulikuwa unapoteza pesa. Safari hii walifuta mchezo ulioleta pesa na jina, kwa sababu ulikuwa unawafanya waongo. Kati ya maamuzi hayo mawili, mimi namvulia kofia Lo Schiavo, ingawa sijaona mtu akimtengenezea filamu. Mchezo ulirudi mwaka 1985 ukiwa mdogo. Tangu hapo wamefika kwenye mashindano ya taifa mara chache za kuhesabika. Ya 2022 ilikuwa ya kwanza tangu 1998, na walitolewa mechi ya kwanza, tena kwenye muda wa nyongeza.

Kuna kinaya hapa kisichonitoka kichwani. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kufikia takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Vyenye futiboli kubwa vinaimwagia futiboli sehemu kubwa ya fungu hilo, na watu wa kikapu sasa wanasema vile visivyo na futiboli vimepata bahati. Dola 1,000 za 1982 zilikuwa kashfa; leo ni kima cha chini mno, na ni halali.

San Francisco ina bweni lililokuwa limepewa jina la James Phelan, meya wa zamani na seneta, aliyegombea mwaka 1920 akitaka California ibaki ya wazungu. Wanafunzi walidai jina liondolewe. Mwaka 2017 likaondolewa, na bweni sasa linaitwa Toler.