Ai-Ais: Kulala jangwani, kushuka korongo la mto Fish

Anayefika Ai-Ais, kusini kabisa mwa Namibia, hushangazwa kwanza na rangi ya kijani. Nyuma yake ameacha mwendo mrefu wa mawe, vumbi na vilima vikavu visivyo na mti. Hapa kuna mitende, nyumba za wageni na bwawa la kuogelea linalofuka mvuke asubuhi ya baridi.

Jina hilo ni la Kinama, na maana yake ni maji yanayounguza. Maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 60 hivi, ikabidi yapoe kwanza kabla ya mtu kuingia. Hakuna volkano mahali hapo. Maji ya mvua huzama chini sana kupitia nyufa za miamba, hupata joto huko chini, kisha hupanda tena juu. Masimulizi yanasema chemchemi hii iliwahi kugunduliwa na mchungaji wa Kinama aliyekuwa akitafuta kondoo waliopotea.

Lakini wageni wengi hawaendi Ai-Ais kwa ajili ya kuoga tu. Hapo ndipo linapoishia korongo la mto Fish, lenye urefu wa kilomita 160 hivi na kina kinachofika mita 550. Kutoka upande wa Hobas, kaskazini, watu hushuka kwa miguu na kufuata mto kiasi cha kilomita 85 hadi Ai-Ais. Ni safari ya siku nne au tano. Njiani hakuna kibanda wala duka, na mtandao wa simu haushiki. Simu huko chini ni tochi na kamera.

Kwa nini kuna miezi ya kufungwa?

Kibali cha kushuka hutolewa kuanzia Mei 1 hadi Septemba 15 tu. Watu wasipungue watatu, na kila mmoja awe na cheti cha daktari. Wapo wanaoona masharti haya kuwa usumbufu, lakini watu wamewahi kufa humo kwa joto.

Kiangazi cha Namibia huanguka mwezi wa Desemba hadi Februari. Wakati huo joto hupita nyuzi 40 kivulini, na kivuli chenyewe ni haba. Miamba ya pande zote mbili hunyonya jua mchana kutwa, kisha hutoa joto hilo usiku. Mtu hutokwa na jasho linalokauka kabla hajaliona, kwa hiyo hajui kwamba anaishiwa maji mwilini. Huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kisha huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hawezi kujiokoa.

Ndiyo sababu hata kushuka “kidogo tu” na kurudi siku hiyohiyo kumepigwa marufuku. Kushuka mlimani kunadanganya: unateremka asubuhi ukiwa na nguvu, unapanda saa sita mchana ukiwa umechoka na chupa ni tupu.

Hatari ya pili ni maji yenyewe. Miezi mingi mto huu ni madimbwi yaliyotengana, na wasafiri huyatumia kwa kunywa baada ya kuyachuja au kuyachemsha. Mvua ikinyesha mbali kaskazini, mafuriko hufika chini ya anga isiyo na wingu hata moja. Wanaoishi karibu na mito ya mchanga wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 1972, muda mfupi baada ya kufunguliwa, kambi ya Ai-Ais yenyewe iliharibiwa vibaya na mto huu.

Njiani kuna kaburi la Thilo von Trotha, ofisa wa Kijerumani aliyeuawa mwaka 1905 katika vita dhidi ya Wanama. Ni miaka ileile ambayo huku Tanganyika Wajerumani walikuwa wakipigana vita vya Majimaji. Kuna pia chemchemi nyingine ya moto yenye mitende; inasimuliwa kuwa ilitokana na kokwa za tende zilizotupwa na Wajerumani waliotoroka kambi ya wafungwa ya Aus wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nyani nao wapo, na chakula kisichofungwa vizuri hakifiki asubuhi.

Asiyeweza kutembea hakosi kitu kikubwa. Hobas ina kambi ya kulala, na kiasi cha kilomita 10 kutoka hapo gari hufika ukingoni, penye mandhari inayopigwa picha kuliko zote. Nenda jua linapochomoza, wakati vivuli bado vinaonyesha mikunjo ya mto. Beba maji ya kutosha garini na ujaze mafuta mapema, kwa sababu vituo viko mbalimbali. Beba na koti pia: Juni na Julai usiku wa jangwani ni baridi kweli, na hapo ndipo bwawa la Ai-Ais linapopata wateja wake.