Safari ya Chuma Katika Vinundu vya Mikunde

Mwaka 1679 Marcello Malpighi, tabibu wa Bologna na bingwa wa hadubini, alieleza vinundu vinavyoota kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, akavihesabu kuwa uvimbe tu. Ilipita zaidi ya miaka 200 kabla ya Hermann Hellriegel kutangaza mjini Berlin, mwaka 1886, kwamba mimea hiyo hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo humo. Miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe. Tangu hapo vitabu vya shule vimetosheka na habari ya naitrojeni. Habari ya chuma ilibaki nyuma, ingawa dalili yake ilionwa na kila aliyepasua kinundu kwa wembe: ndani ni chekundu.

Hideo Kubo wa Japani aliifuata rangi hiyo. Mwaka 1939 alieleza kwamba wekundu wa vinundu vya soya unatokana na protini yenye hemi, kiini kile kile chenye chuma kilichomo katika damu yetu.

Mwaka 1945, huko Cambridge, David Keilin akalirudia jambo hilo pamoja na mtafiti wa Kichina, Wang Yinglai. Keilin alikuwa na mazoea ya kuchungulia viumbe kwa spektroskopi, chombo kinachoutawanya mwanga katika rangi zake; kwa njia hiyo alishagundua mengi katika misuli ya wadudu na katika hamira. Hemoglobini, protini nyekundu ya damu, ikiwa imebeba oksijeni ina alama yake: hufuta mikanda miwili ya mwanga, baina ya kijani na manjano. Rangi ya vinundu ilionyesha mikanda ya namna hiyo, na Keilin na Wang wakathibitisha kwamba ni hemoglobini halisi, inayoshika oksijeni na kuiachia. Ikaja kuitwa leghemoglobini.

Mmea una haja gani na hemoglobini? Jibu lilichukua miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika Canberra, Australia, kwa akina Cyril Appleby na Fraser Bergersen. Kimeng'enya kinachokamata naitrojeni huharibiwa na oksijeni. Lakini bakteria bila oksijeni hawapati nguvu ya kufanya kazi hiyo. Leghemoglobini huwafikishia oksijeni kwa wingi huku ile iliyo huru ikibaki kidogo mno. Mwaka 2005 watafiti waliinyamazisha protini hiyo katika mmea wa Lotus japonicus. Vinundu viliota, lakini naitrojeni haikukamatwa.

Kimeng'enya chenyewe nacho kina njaa ya chuma. Umbo lake lilipochorwa mwaka 1992, kiini chake kilionekana kuwa na atomi 7 za chuma na moja ya molibdeni. Kando yake kuna fungu jingine lenye atomi 8, na protini mwenza inabeba 4. Ndiyo maana chuma kikikosekana kinundu huumia mapema. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba karanga zilizokosa chuma katika udongo wa chokaa nchini Thailand zilishindwa kukuza vinundu, ingawa bakteria walikuwapo.

Sasa njia ya chuma chenyewe. Chuma hupanda kutoka udongoni kupitia mishipa ya maji kikiwa kimeshikwa na sitrati. Mwaka 2013 picha za eksirei kali za vinundu vya jamaa wa lusini zilionyesha kikimwagwa kwanza nje ya seli, kwenye sehemu ambako bakteria wanaanza kujijenga. Mbele kidogo tayari kimo ndani ya seli walimo bakteria hao. Kila utando kinaouvuka una mlango wake. Mlango mmojawapo unatengenezwa kwa jeni ya SEN1, iliyotambuliwa mwaka 2012: ikiharibika, vinundu hubaki vidogo na vilivyopauka, havifanyi kazi.

Kinachonivutia zaidi ni upande wa uhifadhi. Kinundu kichanga hukiweka chuma katika feritini, ghala la protini, kisha feritini hupungua kadiri leghemoglobini na kimeng'enya vinavyoongezeka. Mmea ukishazaa, kinundu huzeeka, hemi huvunjwa na wekundu hugeuka kijani. Chuma chake hakiozi chote mle. Utafiti wa soya uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba sehemu yake huhamia kwenye mbegu zinazojaa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayostahili kusimuliwa zaidi, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi chuma hutoka zaidi kwenye sufuria ya maharage kuliko kwenye nyama.

Mkulima anayetaka kujionea asing'oe mmea kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Achimbe taratibu kwa jembe wakati maua yanapotoka, aoshe mizizi, apasue vinundu vichache. Wekundu au waridi maana yake kazi inaendelea. Weupe, bado haijaanza au bakteria hawafai. Kijani, kazi imekwisha.