Kilosa Haina Pwani, Lakini Bahari Tunaijua



Huku Dar es Salaam, nikisema natoka Kilosa watu huniuliza habari za treni na mafuriko. Hakuna anayeniuliza habari za bahari. Mimi ni mhasibu, na kazi imenizoesha kufuata kila kitu mpaka kinapoishia. Nikiyafuata maji ya kwetu, nafika Bahari ya Hindi.

Mkondoa unaingia Wami, na Wami unamwaga maji karibu na Saadani, ng'ambo ya Unguja. Maji ya uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, nayo yanaelekea huko huko. Kusini, upande wa Kidodi, yanashuka na Ruaha Mkuu hadi Rufiji. Basi wilaya yetu ina milango miwili ya kutokea baharini.

Bahari nayo ilitufuata. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, na kusi ikayarudisha. Katika karne ya 19, mali iliyoshushwa pwani ilipanda bara vichwani na mabegani mwa wapagazi: shanga, nyaya za shaba na kitambaa cha merikani. Njia kubwa ya misafara ilipita Usagara, kwenye bonde la Mkondoa. Burton na Speke walifika nchi hiyo mwaka 1857. Kwa njia hiyo hiyo ziliteremshwa pembe za ndovu, na watu waliotiwa utumwani. Hesabu ya kweli haifichi upande huo.

Mwaka 1871 Stanley alivuka Mkata wakati wa masika, na tope likamtesa yeye, watu wake na punda wake. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alifika Usagara na mikataba yake, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa barua ya ulinzi iliyoitaja Usagara. Baadaye ikaja reli kutoka bandari ya Dar es Salaam, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa. Katani ilipelekwa ng'ambo kwa meli, na katani ndiyo iliyosokotwa kamba za kufungia meli.

Lakini kinachotuunganisha zaidi na bahari ni mvua. Maji ya bahari upande wetu wa Afrika Mashariki yakipata joto kuliko kawaida, mvuke huwa mwingi na vuli huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mwaka ambao wengi wetu tunauita Elinino. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta, maji yakaingia mjini Kilosa, maelfu wakakosa makazi na reli ikakatika kuelekea Gulwe. Shangazi yangu alilala wiki kadhaa chini ya turubai. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mwanangu, mto haukutuonea. Sisi ndio tuliolima mpaka mdomoni mwake."

Maneno hayo sijayasahau. Joto la bahari hatuwezi kulipunguza kwa harambee. Lakini mvua ikishuka kwenye mlima usio na miti, inabeba udongo. Udongo unajaza mto, na mto uliojaa udongo hauna pa kuweka maji isipokuwa majumbani mwetu. Hilo liko mikononi mwetu.

Ndiyo maana mwaka huu naomba mchango wako uende kwenye miche, kingo za mito na mitaro. Sisi tulio mijini tulisomeshwa kwa mazao ya udongo ule ule unaokwenda na maji. Jaza fomu ya ahadi, lipa unachoweza, kisha njoo kwenye mkutano mkuu uulize kila shilingi ilikokwenda. Nami nitakuwapo, na daftari langu.