Neno la Kocha katika Kunyanyua Vyuma

Aliyebeba chuma kizito hana nafasi ya kusikiliza maelezo marefu, na ndiyo maana maelekezo ya kocha huwa maneno mawili au matatu. Kwa muda mrefu mengi yalitaja viungo vya mwili: nyoosha magoti, kaza tumbo, rudisha mabega nyuma.

Mashaka juu ya desturi hiyo yana umri mkubwa. Mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika kwamba mlengaji anayetazama shabaha hufanikiwa kuliko anayefikiria mkono wake. Katika miaka ya 1920, mjini Moscow, mtafiti Nikolai Bernstein alipiga picha za wafanyakazi wakigonga kwa nyundo. Viungo vya mkono vilipita njia tofauti katika kila pigo, ilhali nyundo ilifika palepale. Mwili, basi, hujipangia viungo vyake pindi lengo linapoeleweka.

Jaribio lililobadili ufundishaji lilichapishwa mwaka 1998 na Gabriele Wulf na wenzake. Wanafunzi walijifunza kuyumba kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza thelujini. Baadhi waliambiwa wakandamize kwa mguu wa nje. Wengine wakandamize magurudumu yaliyo chini ya mguu huohuo. Waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi, na waliofikiria mguu hawakuwazidi wale ambao hawakuelekezwa lolote. Mwaka 2001 Wulf na wenzake walieleza sababu: anayejaribu kuusimamia mwili wake huingilia kazi ambayo mwili huifanya wenyewe. Mwaka 2004 utafiti ulihamia kwenye vyuma. Waliokunja mikono wakifikiria mwendo wa chuma waliinyanyua mizigo ileile kwa msisimko mdogo zaidi wa misuli.

Hata hivyo, neno linalotaja msuli halikupoteza kazi. Mwaka 2018 Brad Schoenfeld na wenzake waliwafundisha vijana 30 kwa wiki 8. Msuli wa mbele wa mkono uliongezeka unene kwa asilimia 12.4 kwa waliofikiria kuukaza, na asilimia 6.9 kwa waliofikiria kupandisha uzito. Kwenye mapaja hapakuonekana tofauti ya wazi.

Kwa hiyo kocha huchagua neno kulingana na shabaha ya zoezi. Anayetaka mzigo upande aambiwe asukume sakafu. Anayetaka msuli unenepe atajiwe msuli huo.