Error 18: silinda 1024 zilizonifuata hadi Mnarani

Leo narudi nyuma hadi mwaka 2006, nyumbani Mnarani. CD ya Ubuntu 6.06 ilikuwa imenifikia kwa posta, bure kabisa. Kati ya 2005 na 2011 Canonical walizituma popote duniani bila kudai senti. Kompyuta sasa ndiyo sikuwa nayo. Ilikuwa ya mjomba, pale dukani: mtumba wa miaka ya tisini uliotiwa diski mpya ya GB 20, na ndani yake madeni yote ya wateja. Akaniruhusu nijaribu "kidogo tu".

Nikaweka, nikawasha upya. Skrini nyeusi: "GRUB Loading stage1.5", halafu "Error 18". Basi. Windows nayo haionekani. Mjomba akatazama weee, kisha akauliza: "Sasa we kijana, madeni yangu yako wapi?"

Kumjibu inabidi twende 1983. Mwaka huo IBM walitoa PC XT yenye diski ya MB 10, silinda 306. BIOS ikitafuta kitu kwenye diski ilitumia namba tatu: silinda, kichwa na sekta, na silinda zilitengewa biti 10, yaani mwisho 1024. Kwa mwenye silinda 306 hiyo ilikuwa bahari. Miaka ya tisini ikafika, diski zikanenepa, na hata kwa ujanja wa kuongeza vichwa hadi 255, hesabu iligota kwenye GB 8.4. BIOS za zamani hazikuona kitu ng'ambo ya hapo.

Lakini Windows ya mjomba ilikuwa na GB 10 na ikifanya kazi! Hapa nakumbuka feri iliyokuwa ikivusha watu hapa Mnarani kabla ya daraja kufunguliwa 1991. Mfumo endeshi ukishaamka una madereva yake wenyewe, hilo ndilo daraja. Butiloda, yaani kile kiprogramu kinachouamsha mfumo, haina daraja. Inapanda feri ya BIOS, na feri yangu ilikuwa inaishia GB 8.4. Nami nilikuwa nimeiweka Linux nzima baada ya GB 10.

Na kwa nini namba tupu, bila maelezo? Nafasi. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512. Ukitoa jedwali la patisheni (64) na alama ya mwisho (2), unabaki na 446 za kuandikia programu. LILO, aliyoianza Werner Almesberger mwaka 1992, ilitoa herufi moja kwa kila hatua: ukiona "LI" ikakwama, sehemu ya pili imepakiwa ila imeshindwa kuanza. Wengi tuliona ni ujeuri, kumbe ni ubahili wa lazima. GRUB ya Erich Boleyn (1995, alipokuwa akihangaika kuwasha GNU Hurd) ilijigawa vipande ili iweze kusoma faili yenyewe, lakini hata yenyewe bado ilitoa namba. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Huku chini kwenye butiloda hata Kiingereza hakikuenea!

Basi nikawasha kwa ile ile CD, kwani Ubuntu hiyo iliwaka bila kugusa diski. Patisheni ya Windows ikafunguka, madeni yapo hadi ya sabuni. GRUB ilikuwa imeandika mwanzoni tu mwa diski. Nikayanakili kwenye flash kwanza (usiruke hatua hii, tafadhali), nikaipunguza Windows kwa GParted hadi GB 6, nikatenga MB 100 za /boot nyuma yake, ndani ya mpaka. Nikaweka Linux upya. Menyu ikaja, na Windows ikiwemo.

LILO ilisitishwa rasmi mwishoni mwa 2015, na mashine za UEFI hazihesabu silinda tena. Huko ukikwama, anza kuangalia Secure Boot.

Mjomba alikuwa na sharti moja: asichague chochote asubuhi. Nikafungua menu.lst, nikabadilisha "default 0" kuwa "default 4", Windows ikawa inawaka yenyewe. Linux niliitumia mimi, duka likishafungwa.