Breki za Mbele za Ford ya Mjomba

Gari lenyewe lilikuwa Ford Model A la mwaka 1930. Mjomba wangu alilinunua likiwa limekwishatumika sana, kutoka kwa mwenye duka mmoja mjini Maswa, katika miaka ya 1950, msimu mmoja alipouza pamba yake na fedha zikabaki. Siku hizo pamba ndiyo iliyokuwa ikijenga nyumba za bati huko Usukumani. Wakulima walikuwa wameanza kusimamia mizani wao wenyewe, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake walikwisha kuunganisha vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa katika shirikisho lililojulikana kwa kifupi kama VFCU. Basi mtu wa Ipililo mwenye shamba kubwa, plau na watoto wa kumsaidia aliweza kuota ndoto ya motokaa. Mjomba hakuishia kuota.

Ipililo ilikuwa wakati ule, kama ilivyo leo, katika Wilaya ya Maswa. Kilichobadilika ni mkoa, kwani Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Barabara zake hupita juu ya mchanga wa luseni, kisha hushuka mbugani kwenye udongo mweusi. Wakati wa kiangazi gari huteleza kwenye mchanga, na masika hukwama kwenye tope. Nayataja haya kwa sababu breki huonyesha tabia yake mahali pa namna hiyo.

Model A ilikuwa Ford ya kwanza kuwa na breki kwenye magurudumu yote manne. Mtangulizi wake, Model T, kwa pedeli ilizuia gia tu, na kwa mkono ilizuia magurudumu ya nyuma. Katika Model A, ukikanyaga pedeli unavuta rodi za chuma. Zile za mbele husukuma kipini chembamba kinachopita ndani ya kingpini, nacho hutanua shuu ndani ya ngoma. Ni ufundi wa kupendeza, ila unadai rodi zote zivutwe sawasawa. Kingpini ikilegea, au rodi moja ikipinda kidogo, gurudumu moja hushika kabla ya mwenzake, na gari huelekea upande huo bila kumwuliza dereva.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1992. Mjomba alikuwa akishuka na magunia kuelekea kijito, ng'ombe wakavuka. Akakanyaga. Gari likapinda kushoto, likaparamia minyaa ya boma la jirani, ndama akafa, na mjukuu wake aliyekuwa ameketi juu ya magunia akavunjika mkono. Ndama alilipwa. Kwa habari ya mkono, mjomba hakusema neno kwa siku kadhaa.

Fundi tuliyemwita kutoka Maswa mjini alikuwa amejifunzia kazi ya kukereza vyuma kwenye kinu cha pamba. Alikagua, akasema rodi hizo zimekwisha, na kwamba nyuma ya kinu kulikuwa na pikapu ya Ford ya miaka ya 1940 inayooza, yenye breki za mafuta za mbele ambazo bado zingefaa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. "Chuma hakivuji, mpwa wangu," mjomba aliniambia. Sikumcheka, maana Henry Ford mwenyewe alikuwa na fikra hiyohiyo. Breki za mafuta zilikuwapo kitambo: Malcolm Loughead wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1917, Duesenberg wakazitia katika gari lao mwaka 1921, na Chrysler mwaka 1924, baada ya wahandisi wao kutumia vikombe vya mpira mahali pa ngozi iliyokuwa ikivujisha. Ford alishikilia rodi mpaka magari ya mwaka 1939. Kwa upande mmoja alikosea, kwa sababu mafuta yaliyofungiwa ndani ya bomba husukuma kwa nguvu ileile kila upande, na hayajali kama njia imepinda. Lakini hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Katika mifumo ile ya zamani bomba moja likipasuka pedeli huenda hadi sakafuni na hubaki huna kitu. Magari mapya ya Marekani yalikuja kuwa na masta silinda ya vyumba viwili kwa jumla mnamo mwaka 1967 tu.

Aliyetupatanisha ni fundi. Alikumbuka Austin A40 Devon, gari la miaka ya mwisho ya 1940, ambalo mbele lilitumia mafuta na nyuma rodi. Nasi tukaamua hivyo: nyuma ibaki kama Ford alivyoitengeneza, mbele ibadilike. Mafuta yakipotea, pedeli itakwenda mbali zaidi lakini rodi za nyuma zitavuta.

Kazi ilichukua wiki tatu. Tundu tano za gurudumu zilikubaliana, kwani Ford hizo mbili zote hutumia duara la inchi 5 na nusu. Beringi hazikukubaliana na ekseli nyembamba ya zamani. Fundi akakereza pete za chuma za kujazia. Bamba la breki nalo lazima likae katikati kabisa. La upande wa kulia lilipotoka kwa unene wa ukucha, shuu zikasugua upande mmoja, tukalifungua tena. Vile vipini vya ndani ya kingpini tukavitoa, na mjomba akavifunga kwenye kitambaa akaviweka kabatini.

Mafuta ya breki hayakupatikana Maswa. Kijana mmoja akatushauri tutie mafuta ya injini, jambo nililoliona likifanywa mara nyingi vijijini. Fundi alikasirika sana: mafuta hayo huvimbisha mpira, vikombe vikakwama ndani ya silinda. Tukasubiri kopo kutoka Mwanza. Nikakaa kwenye usukani nikipampu pedeli, naye chini, na kipande cha mpira ndani ya chupa, akitoa upepo mpaka mapovu yakaisha.

Siku ya kujaribu mjomba hakukubali mtu mwingine aendeshe. Alishuka mteremko uleule, akakanyaga kwenye minyaa, na gari likasimama limenyooka. Alitelemka, akainama, akashika ngoma ya kushoto kwa kiganja, kisha ya kulia, akarudia tena ya kushoto.

"Joto ni moja," alisema.

Mjukuu, ambaye mkono ulikuwa umekwisha kuunga, alitazama yote hayo akiwa kando ya njia. Alikataa kupanda hadi msimu wa pamba uliofuata.